Maswali ya wasomaji: Pima presha kabla ya kununua supu ya pweza

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nguvu za kiume. Tumefupisha baadhi na kuondoa majina ya walioandika. Majibu ni ya jopo letu la afya na lishe.

SWALI: Nina miaka 46, ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Tangu mwaka jana jogoo anawika nusu. Nikiwa na mama watoto uume unasimama vizuri mwanzoni, halafu baada ya dakika chache unalegea. Jirani alinielekeza supu ya pweza. Nimeinywa kila jioni kwa miezi mitatu, siku nyingine na alkasusu, ile dawa ya miti shamba ya kunywa, juu yake, na hali ni ile ile. Je, nimekosea kipimo, au kuna chakula kingine chenye nguvu zaidi? – *Fundi, Ngamiani*

JIBU: Kaka fundi, kipimo hukukosea. Pweza ni chakula kizuri. Gramu 100 za nyama yake iliyopikwa zina protini kiasi cha gramu 30, mafuta kidogo sana, na miligramu 3 na ushei za madini ya zinki. Mwanamume anahitaji zinki miligramu 11 kwa siku. Mwili unaitumia kutengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume, na mtu aliyepungukiwa zinki homoni hiyo hushuka kweli. Ila asiyepungukiwa akiongeza zaidi hapati chochote cha ziada, mwili unaitoa tu. Halafu angalia kilichomo ndani ya kile kikombe cha jioni: vipande vitatu au vinne vya pweza, vingine vyote ni maji, ndimu, pilipili na chumvi nyingi. Chumvi hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi.

Uume unasimama kwa damu. Mtu akipata hamu, ubongo unapeleka taarifa kwa mishipa ya fahamu, na kuta za ndani za mishipa ya damu zinatoa gesi iitwayo nitriki oksidi. Gesi hiyo inalegeza mishipa, damu inaingia kwa wingi kwenye nyama mbili zenye vitundu vitundu zilizomo ndani ya uume, na zikishajaa zinabana mishipa inayorudisha damu mwilini. Ndiyo maana uume unabaki mgumu. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hii kwenye mishipa ya damu. Presha, sukari, sigara na mafuta mabaya vikishaharibu ukuta wa ndani wa mshipa, gesi haitoki ya kutosha. Damu inaingia nusu, au inaingia na kutoroka. Unachokieleza wewe, yaani kuanza vizuri kisha kulegea, mara nyingi ni hicho.

Tunakuomba ulichukue hili kwa uzito. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, na ile ya moyo milimita 3 hadi 4. Bomba jembamba ndilo huziba kwanza. Kwa wanaume wengi wenye ugonjwa wa mishipa, uume hulegea miaka miwili hadi mitano kabla ya kifua kuanza kuuma. Umepewa taarifa mapema, na muda wa kufanya jambo bado unao.

Wiki hii pima vitu vitatu. Cha kwanza ni presha. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuzungumza, miguu ikanyage chini, mkono uulaze mezani usawa wa moyo. Wapime mara mbili, zipite dakika moja au mbili katikati. Ikifika 140 juu au 90 chini, kwa siku mbili tofauti, una presha ya kupanda. Cha pili ni sukari ya asubuhi kabla ya kula, ukiwa umekaa saa nane bila chakula. Milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikirudiwa ikatoka hivyo hivyo, ni kisukari. Cha tatu hakina gharama, kwa sababu futi unayo shingoni mchana kutwa. Vua shati, tafuta mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati yake, toa pumzi kama kawaida, soma. Usipime pale unapofungia mkanda, maana mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo na kujidanganya. Hatari inaanzia inchi 37 na inakuwa kubwa zaidi kuanzia inchi 40. Mafuta ya tumboni yanaigeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, na pia yanaharibu kazi ya insulini, hivyo mtu anapungukiwa hamu na damu kwa pamoja.

Kuhusu alkasusu, kila muuzaji ana mchanganyiko wake. Muulize kama anatia mzizi mtamu wa susu. Mzizi huo ukinywewa kwa wingi kila siku unapandisha presha. Kama presha yako iko juu, acha kabisa.

Chakula cha kusaidia kipo, na bei yake ni ndogo kuliko ya supu. Mchicha, matembele na majani mengine ya kijani yana naitreti, ambayo mwili unaigeuza kuwa ile gesi ya nitriki oksidi. Kula bakuli moja lililopikwa kila siku. Usiyachemshe kwa maji mengi na kuyamwaga, kwa sababu naitreti inaondoka na maji. Yapike kwa maji yake yenyewe, dakika tano zinatosha.

Halafu kazi yako ni ya kukaa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa wanaume wenye tatizo kama lako walipata nafuu kwa mazoezi ya dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita. Kutembea kwa haraka kunatosha, kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiondoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri ukaelekea Raskazone na kurudi, umeshamaliza kabla hujafungua duka. Na kama unavuta sigara, hilo ndilo liwe la kwanza kuacha, kabla hata ya kitambi.

SWALI: Habari zenu. Mume wangu ana miaka 52, ana sukari mwaka wa nne sasa, na tumbo limekuwa kubwa. Chumbani tumekuwa kama kaka na dada. Yeye anasema ni uzee. Mpishi wa nyumba ni mimi, na kliniki wanamwambia "punguza wanga" halafu basi. Naomba mnieleze nipike nini na kwa kiasi gani. – *Mama, Makorora*

JIBU: Dada yetu, uzee wa miaka 52 peke yake haumfikishi mtu huko. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaumiza vitu viwili vinavyohitajika hapa, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mwanamume mwenye kisukari huanza kupata tatizo hili takribani miaka kumi mapema kuliko wenzake. Habari njema ni kwamba jiko lako lina uwezo mkubwa. Mwaka 2004 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 110 wenye unene uliozidi, waliokuwa na tatizo la kusimamisha. Nusu yao walifundishwa kwa makini kupunguza uzito kwa chakula na mazoezi. Baada ya miaka miwili, takribani mmoja kati ya kila watatu wa kundi hilo alirudi katika hali ya kawaida bila dawa ya nguvu. Wale hawakuwa na kisukari, kwa hiyo kwa mume wako safari inaweza kuwa ndefu zaidi, ila njia ni hiyo hiyo.

Anza na chai. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 au zaidi. Vikombe vitatu vya vijiko vinne vinne ni gramu 50 kwa siku, na hicho ndicho kikomo cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima asiyeumwa, kwa sukari zote za siku, zikiwemo za soda na juisi. Kwa mgonjwa wa sukari, chai iwe bila sukari. Mpunguzie kijiko kimoja kila wiki, mtie iliki, mdalasini na tangawizi nyingi, ndani ya mwezi ulimi utakuwa umezoea. Soda aiache siku hiyo hiyo, bila kupunguza taratibu. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa.

Sahani ya mchana igawe kwa macho. Nusu yake mboga: mchicha, bamia, bilinganya, kisamvu, kachumbari. Robo samaki au maharage. Robo iliyobaki ndiyo wali au ugali, usiozidi ukubwa wa ngumi yake. Watu wengi pwani hupakua kinyume, mlima wa wali na mboga pembeni. Ugali wa dona ni bora kuliko sembe. Na tafadhali usiweke wali, chapati na viazi kwenye mlo mmoja, maana vyote vitatu ni wanga.

Sasa tui. Hatukwambii uache nazi, huo utakuwa ushauri wa mtu asiyeijua Tanga. Nazi moja ya wastani ina mafuta karibu gramu 130, na sehemu kubwa ni yale yanayopandisha kolesteroli mbaya. Mengi ya mafuta hayo yamo kwenye kasimile, lile tui zito la kwanza. Ukipikia watu sita, tumia nusu nazi badala ya nazi mbili, na mchuzi wa kila siku upikie tui jepesi la mkamuo wa pili. Kasimile ibakie kwa Ijumaa na kwa wageni. Mkipika wali wa nazi, mchuzi usiwe wa nazi.

Samaki mpe mara tatu kwa wiki. Vibua, dagaa na jodari wana mafuta mazuri kwa mishipa, na vibua ni rahisi kupatikana Sahare na Deep Sea. Wachemshe kwa ndimu na nyanya au wachome. Ukiwakaanga kwenye mafuta yaliyotumika mara tatu, faida yote umeipoteza.

Chumvi ina hesabu nyepesi. Mtu mmoja asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote. Nyumba ya watu sita, pakiti ya nusu kilo isimalizike kabla ya siku 16. Andika tarehe kwenye pakiti unapoifungua. Vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi navyo ni chumvi, vihesabu humo humo.

Jambo moja la hatari. Kama anachoma insulini au anameza glibenklamidi, ukimpunguzia wanga ghafla sukari inaweza kushuka mno: atatetemeka, atatokwa jasho jembamba, atachanganyikiwa. Nendeni kliniki kwanza, muwaambie mnabadilisha chakula, ili dawa ipunguzwe sambamba. Ikitokea akatetemeka hivyo, mpe vijiko vitatu vya sukari kwenye maji mara moja, halafu chakula. Na waombeni kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7.

Tena dada, usimwache alibebe peke yake. Mwanamume anayesema "ni uzee" mara nyingi anaona haya. Mwambie unataka mwende wote, kwa ajili ya moyo wake, na suala la chumbani muulize daktari mkiwa pamoja.

SWALI: Wanangu, mimi ni mzee wa miaka 61 wa Muheza. Nilipoanzishiwa vidonge vya presha, nguvu zikakatika. Nimeviacha wiki mbili naona afadhali kidogo. Nikae hivi hivi? – *Mzee wa Muheza*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hapana, usikae hivyo hata siku moja. Ni kweli baadhi ya dawa za presha zinapunguza nguvu, hasa zile za kukojosha kama bendrofluazidi, na zile za kupunguza kasi ya moyo kama atenololi na propranololi. Hukulisingizia hilo. Lakini atenololi ikikatwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na kiharusi hakikupi nafasi ya kuuliza.

Kesho asubuhi nenda kliniki na maganda ya vidonge vyenyewe, umwambie daktari wazi: "Dawa hizi zimenikata nguvu." Zipo nyingine, kama losartani na amlodipini, ambazo kwa kawaida hazileti shida hiyo, na kubadilishiwa ni jambo la kawaida kabisa. Daktari huyo huyo anaweza kuamua kama unafaa kupewa sildenafili, dawa ya kusaidia uume kusimama. Mweleze kama unatumia kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi, kwa sababu hicho kikikutana na sildenafili presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Hili halina nafasi ya kujaribu.

SWALI: Wakubwa zangu, shikamooni. Nina miaka 24, naendesha bodaboda, naishi Chumbageni. Nimepiga punyeto tangu shule, naona ndiyo imenimaliza. Nikiwa na mchumba wangu natetemeka, uume unasinyaa, au ukisimama namwaga dakika haijaisha. Asubuhi nikiamka unasimama wenyewe. Natumia vidonge vya buluu vya mtaani, na usiku natafuna mirungi nisilale nikiwa kazini. Nina tiba kweli? – *Dereva, Chumbageni*

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Sentensi muhimu kuliko zote kwenye barua yako ni ile ya asubuhi. Uume unaosimama wenyewe alfajiri una mishipa mizima ya damu na ya fahamu. Punyeto haikukuharibu; haikaushi mbegu, haikati mishipa. Kinachokusumbua ni woga. Mtu akiogopa, mwili unamwaga adrenalini, na kazi ya adrenalini ni kubana mishipa ya damu na kumfanya akimbie. Mara ya kwanza ulishindwa, mara ya pili ukaingia na hofu ya kushindwa tena, na hofu ikakushinda kweli.

Juu ya hofu hiyo unaongeza mirungi. Ndani yake mna kathinoni, inayofanya kazi inayofanana na ya adrenalini: inabana mishipa, inapandisha presha, inakunyima usingizi. Na hapa nchini ni dawa ya kulevya iliyokatazwa na sheria. Usingizi nao si jambo dogo. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walichapisha matokeo ya vijana wenye afya waliolala saa tano tu kwa usiku, kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Lala saa saba. Kama unafanya kazi ya usiku, lala mchana kwenye chumba chenye giza, simu iwe mbali.

Vidonge vya mtaani viache. Hujui ndani mna nini wala miligramu ngapi. Sildenafili halisi inaanzia miligramu 25 au 50, inafanya kazi baada ya nusu saa hadi saa moja, na haileti hamu kwa mtu asiye na hamu. "Miti shamba ya nguvu" ya unga nayo ina mtego wake: katika nchi nyingi, unga wa namna hii ukipimwa maabara hukutwa umechanganywa na sildenafili hiyo hiyo bila kuandikwa. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, kimbilia Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu usiku huo huo, usisubiri kukuche. Damu iliyokwama humo inaua nyama za ndani, na huenda usisimamishe tena.

Badala yake, jifunze kukaza misuli ya chini ya nyonga. Ni ile unayoibana ukizuia upepo usitoke. Ukikaza vizuri utaona uume unajivuta kidogo ndani na korodani zinapanda. Tumbo, makalio na mapaja yasikaze, na usizuie pumzi. Kaza sekunde tano, legeza sekunde kumi, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku: umelala, umekaa, umesimama. Usiyafanye wakati unakojoa, hilo ni kosa la wengi na linasumbua kibofu. Utafiti wa Uingereza wa wanaume 55 wenye tatizo la kusimamisha ulionyesha kuwa baada ya miezi sita ya mazoezi haya na kurekebisha mwenendo wa maisha, asilimia 40 walirudi katika hali ya kawaida. Kwa kuwahi kumwaga, pamoja na hayo, jizoeze kusita katikati ya tendo: ukihisi unakaribia, tulia nusu dakika mpaka hisia ishuke, kisha endelea. Rudia mara tatu kabla ya kujiachia. Jizoeze kwa wiki kadhaa, siku moja haitakuonyesha kitu.

SWALI: Natembeza samaki kwa baiskeli kutoka Sahare mpaka Pongwe. Nikifika sehemu za siri zimekufa ganzi. Ni hatari? – *Mchuuzi, Sahare*

JIBU: Ganzi ni onyo, lisikilize. Pua ya kiti inabana mshipa wa damu na wa fahamu vinavyopita kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Shusha pua ya kiti kidogo tu, chini ya usawa. Rekebisha urefu: pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Kila baada ya dakika kumi simama juu ya pedali kwa nusu dakika, damu ipite. Ukiweza, nunua kiti kipana kisicho na pua ndefu. Ganzi ikiendelea hata siku ambayo hukupanda, nenda ukaonwe. Baiskeli yenyewe usiiache, ni zoezi zuri kwa moyo wako.

SWALI: Ni kweli madafu yanaleta busha? Hapa Pangani wazee wanatukataza tangu tukiwa watoto, na mimi nayapenda. – *Mpenda dafu, Pangani*

JIBU: Kunywa dafu lako kwa amani. Busha la pwani yetu huletwa na minyoo midogo kama uzi, *Wuchereria bancrofti*, inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa inakaa kwenye mirija ya maji ya mwili karibu na korodani, inaiharibu, na maji yanajikusanya kwenye mfuko. Ni minyoo hiyo hiyo inayoleta matende ya mguu. Minazi na mbu hawa wote wako pwani, na huenda ndiyo sababu watu wakaunganisha viwili hivi.

Kinga ni chandarua, kufukia madimbwi na kufunika mashimo ya vyoo, na kumeza kingatiba za ivermektini na albendazoli zinapogawiwa. Mkoa wa Tanga ulianza kugawiwa mwaka 2004, na wapo wanaozikimbia kwa kusikia kwamba zinaua nguvu za kiume. Si kweli. Zinazuia busha, na busha ndilo linalokwamisha tendo la ndoa, kwa sababu likikua linaumeza uume wote. Mwenye busha tayari asitarajie vidonge vilikaushe. Dawa yake ni upasuaji mdogo wa kuondoa maji na kuikata au kuigeuza ngozi ya ndani ya mfuko. Kulichoma sindano na kuvuta maji hakusaidii, yanajaa tena, na usaha unaweza kuingia.

Dafu lina madini mengi ya potasiamu, kwa hiyo mgonjwa wa figo amuulize daktari wake. Wengine halina neno.

SWALI: Mimi ni mwoka mikate, Muheza. Tuna miaka miwili ya ndoa bila mtoto. Mke wangu amepimwa mara tatu, wanasema hana tatizo, na bado ndugu zangu wanamsema yeye. Mimi tendo nafanya vizuri tu. Kuna haja ya kupimwa? – *Mwoka mikate*

JIBU: Ipo, na ilipaswa kufanyika siku ya kwanza mkeo alipopimwa. Kusimamisha vizuri na kuwa na mbegu za kutosha ni mambo mawili mbalimbali. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unachangia. Ndugu zako waambie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba bado hujapimwa. Mkeo amebeba maneno hayo muda mrefu mno.

Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinahitaji joto la chini kuliko la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4. Mtu anayesimama mbele ya tanuri saa sita kila usiku anazipasha. Vaa bukta pana ya pamba badala ya chupi ya kubana, toka nje dakika kumi kila saa, na ukimaliza kazi oga maji ya baridi badala ya kukaa na jasho. Vyakula ni vile tulivyokwisha kuvitaja, pamoja na machungwa ya kwenu Muheza, karanga na mbegu za maboga. Sigara, bangi na pombe nyingi zinapunguza mbegu. Sindano za kutunisha misuli zinaweza kuzimaliza kabisa, kwa sababu ubongo ukiona testosteroni ya nje unaacha kuziamrisha korodani. Mbegu moja inachukua takribani siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo mabadiliko ya leo utayaona baada ya miezi mitatu.

Kabla ya kipimo, kaa siku mbili hadi saba bila kumwaga. Zikizidi, mbegu nyingi zinakuwa zimekufa. Zikipungua, idadi inakuwa ndogo. Toa kwa mkono kwenye kikopo safi cha maabara, bila mate, sabuni wala mafuta, maana vinaua mbegu, na usitumie kondomu ya kawaida. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Likimwagika nje, mwambie mhudumu. Ukitolea nyumbani, andika saa, weka kikopo mfuko wa ndani wa shati kipate joto la mwili, na ukifikishe ndani ya saa moja. Kutoka Muheza mpaka mjini muda unakuwa mfinyu, afadhali utolee huko huko maabara.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, kiwango cha chini ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatikisika. Majibu yakiwa chini ya hapo, rudia baada ya miezi mitatu kabla ya kukata tamaa, kwa sababu hata homa kali ya malaria ya mwezi uliopita inaweza kuyashusha. Mweleze daktari kama uliwahi kuugua matumbwitumbwi ukiwa mkubwa, kufanyiwa upasuaji wa ngiri, au kutibiwa kisonono. Akupime na korodani kwa mkono ukiwa umesimama, kwa sababu mishipa iliyovimba juu ya korodani ya kushoto ni sababu inayoonekana mara kwa mara na inatibika kwa upasuaji. Mpaka majibu yako yatoke, mkeo asianzishiwe dawa yoyote ya kupevusha mayai.